Kuku Aliyeoshwa Bombani

Shoga Sachie, kabla hujamkubalia Bi Hirose amposee mwanawe mdogo Hatsue wako, soma hii.

Leo Kasumi wangu kaenda kwa huyo Bi Hirose kupika kuku wa teriyaki, mama mkwe mtarajiwa amwone. Mwanangu kakaanga mapaja, ngozi chini, kafuta mafuta yote kwa karatasi, ndipo kamimina sosi ya soya, pombe ya sake, mirin ile tamu ya mchele, na sukari. Kuku anang'aa kama kapakwa vanishi!

Yule mama kaonja kidogo. Kanyanyuka na sahani yake, kafungua bomba, kamwosha kuku.

KAMWOSHA, Sachie! Kama soksi!

"Kwetu hatuli vitamutamu, binti. Pika upya, sukari usitie."

Kasumi kamgeukia mchumba wake, uso unawaka. Na lile jitu, Yasuo, miaka thelathini na minne, linatafuna tu: "Mama ndivyo alivyo. We pika upya."

Kasumi kavua aproni, kavua na pete, kaacha vyote mezani, karudi nyumbani.

Sasa hivi Yasuo kamwandikia. Nikadhani anaomba radhi. Kumbe anauliza, vile vipande ambavyo havijaoshwa, anaweza kuvimalizia?