Udongo Uliouacha Mlangoni

Senge wangu,

Miaka ile ya serikali ya Mwingereza, nilipoajiriwa kufundisha ufinyanzi kwenye shule ya misheni karibu na Masafu, nilikufuata wewe, dada wa baba. Cheti nilikuwa nacho. Mikono ilikuwa yako.

Ulikubali kuja kila Jumatano, tena kiangazi, wakati ambao wafinyanzi wote wanachoma vyungu vya soko la Busia. Vyako ulivifinyanga alfajiri, kisha ukatembea hadi shuleni ukakaa chini na watoto. Nakumbuka ulivyomshika mmoja kiganja ukamwambia, “Wewe nafinya sana. Wacha udongo ipumue.” Darasa zima likacheka, nami nikacheka, maana ndivyo ulivyoniambia mimi nikiwa mdogo.

Halafu akaja yule mkaguzi Mzungu kutoka Tororo. Alinyanyua chungu ulichokimaliza wiki iliyotangulia, akauliza ni kazi ya nani. Shingoni kilikuwa na alama za kamba yako ya nyasi, ile uliyosuka mwenyewe na kuiviringisha kwenye udongo mbichi. Soko zima liliijua kamba ile. Watoto waliijua. Mkaguzi peke yake ndiye ambaye hakuijua.

“Yangu, bwana,” nikasema.

Akakuelekezea kidole. Na huyu mama je?

“Huyo anatuletea udongo tu.”

Alikuwa ameuliza kwa Kiswahili, Senge, kwa hiyo ulisikia kila neno. Niliogopa ataniuliza serikali inanilipia nini kama mama asiyejua kusoma ndiye anayefundisha. Huo ndio ukweli wangu, na haunipunguzii aibu hata kidogo. Wewe ulipangusa mikono, ukaendelea kumsaidia mtoto aliyekuwa mbele yako.

Jumatano iliyofuata ulikuja kama kawaida, ukatua kikapu mlangoni. Hukuvuka kizingiti. Ukasema, “Mwalimu, udongo nimeleta,” ukaondoka. Ulikuwa hujawahi kuniita mwalimu. Ulifanya hivyo kila Jumatano mpaka mvua zikaanza, nami kila mara nilipokea kikapu nikashukuru, badala ya kukushika mkono nikuingize ndani. Katika mvua hizo hizo ndipo tulipokuzika.

Sasa nafinyanga vyangu alfajiri kama wewe, kisha naenda darasani. Jana niliwaambia wanafunzi ni nani aliyenifundisha. Msichana mmoja, mjukuu wa jirani yako, akauliza mbona bibi yake husema ulikuwa unaishia mlangoni. Nikawasimulia yote, hata lile neno “tu”. Nilingoja wanilaumu. Waliinamisha vichwa wakarudi kwenye udongo wao, na hadi kengele ilipolia hakuna aliyeniomba nimwonyeshe kitu.

Pumzika, Senge. Sikuombi unisamehe leo.

Mimi, mtoto wa kaka yako