Wifi Yangu wa Kuokota

Jumatatu, 8 Novemba 1954
Kahawa tena mpaka vidole vyeusi. Nyapara anapiga kelele tangu asubuhi. Njeri bado yuko kwangu. Ametoroka kambi ya Thika, wanakochimbishwa handaki bila mshahara, kiboko mgongoni. Akishikwa, atarudishwa huko, na mimi pamoja naye. Laini nzima ya nyumba za vibarua nimeiambia ni wifi yangu kutoka Maragoli, jino linamuuma. Nimemfunga kitambaa shavuni asiongee. Kiluhya hajui hata neno.

Nyanya alikuwa akisema mamake alimficha ghalani mtu aliyetoroka msafara wa watumwa. Haya, zamu yangu.

Jumatano, 10 Novemba
Mungu wangu! Nimemtuma kuni, amerudi na mzigo mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, kama wanawake wa kwao wote. Sisi tunabeba kichwani! Nimemvuta ndani. Amelia, ati amesahau. Mama Roda wa mlango wa pili alikuwa nje akipepeta maharagwe. Ameona. Hakusalimia.

Alhamisi, 11 Novemba
Mama Roda amesimama na nyapara stoo ya magunia. Wanacheka. Kila siku anaomba chumvi yangu, na bado ataniuza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 12 Novemba
Nyapara amefika mlangoni. "Mama Ebi, wifi yako ana alama ya ukanda usoni. Mluhya gani huyo? Kesho askari wanakuja. Wanawake wote mtabeba kuni, tuone."
Namchukia Mama Roda. Simung'unyi maneno, namchukia.

Jumamosi, 13 Novemba
Askari wametupanga uwanjani. Mama Roda akaitwa kwanza. Akatoa kamba ya gunia, akaiweka kwenye paji, mzigo mgongoni, huyo! Mama Keziah, jirani mwingine, vivyo hivyo. Kisha laini nzima. Mimi pia, nikiyumba kama mlevi.
Askari akauliza tumefunzwa na nani.
"Shingo zinatuuma, afande," Mama Roda akasema. "Wenyeji wa huku walijua kubeba."
Njeri akapita katikati yetu na mzigo wake. Nyapara akatazama pembeni. Kumbe kamba zenyewe alizitoa yeye stoo, juzi, Mama Roda alipomwomba, na jana mlangoni alikuwa akinionya.

Jumapili, 14 Novemba
Njeri ameondoka kwenye lori la kahawa analoendesha mume wangu, nyuma ya magunia. Atafika kwa mama mkwe wangu, Maragoli.
Paji linaniuma bado.
Jioni Mama Roda amekuja kuomba chumvi. Nimempa kopo zima. Tumekaa mlangoni tukachambua maharagwe yake.