Kiti cha Mama Inhwa

Buenos Aires, 15 Mei 1994

Kwa kaka yangu Jongsu,

Hujambo kaka? Shemeji hajambo? Mgongo wake unaendeleaje? Nasikia huko Gokseong mvua imewahi na vitalu vya mpunga vimeshika vizuri. Mimi mzima. Mikono imeungua kidogo, lakini mpiga pasi asiyeungua ni mwongo. Huku baridi inaanza wakati kwenu joto linaingia. Nchi imekaa kichwa chini, na watu wake hivyo hivyo.

Barua yako ya mwezi wa tatu niliipata. Mimi si msomaji, niliisoma siku mbili. Umesema mwaka ukitimia tangu mke wangu Mama Inhwa afariki, nimfanyie tambiko kama inavyotakiwa. Samaki kichwa mashariki. Peasi, nyama, pombe ya mchele. Pilipili na kitunguu saumu visionekane, vinafukuza roho. Nipige picha nikuletee. Ukiona mambo yako sawa, jina lake utalisoma kwenye meza ya mababu zetu siku ya mavuno. Ukiona nimekosea, husomi. Nilikuelewa. Miaka ishirini na sita hukumpenda kwa sababu baba yake alikuwa mchinja ng'ombe, na kwetu kwa wachinjaji hatuoi. Sasa umelegeza kidogo, nikasema nisiharibu.

Tatizo likawa pa kulifanyia. Mimi nalala nyuma ya karakana ya nguo, kitanda kiko kati ya mashine mbili, na tajiri amekataza moto. Nikamwendea Inhwa. Mwanangu tangu aokoke hamsujudii mtu aliyekufa. Aliniambia nisimuudhi, yeye na mumewe hawachomi ubani. Lakini kula atakula na mimi. Akasema twende kwa Gu, mwenzake wa kanisani, amefungua hoteli ya nyama ya kwetu huku mtaa wa nguo. Kula mpaka ushindwe. Nyama ipo, wali upo, pombe ipo. Picha nitakupiga, Baba, akasema. Picha Mungu atanisamehe.

Basi Jumamosi tukaenda.

Kaka, hoteli gani ile! Nchi hii ng'ombe ni wengi kuliko watu, mtoto wa hapa akililia nyama anapewa ubavu mzima. Gu anaitoa kwenye barafu, anaipitisha kwenye mashine, inatoka nyembamba kama karatasi ya kufungia sindano. Ukiiweka kwenye wavu inajikunja, inakimbia moto. Na moto wenyewe wa gesi. Nilimwuliza mkaa uko wapi. Akasema mkaa unachafua dari. Dari! Mtu kafungua hoteli ya nyama choma, anaogopa moshi. Kabichi ya pilipili kaitia sukari, eti wenyeji wanalia. Si walie. Ukutani katundika ubao kwa herufi zetu na zao: unachochukua umalize, ukibakiza unalipa. Kwetu mboga unaongezewa hata hujaomba. Gu anahesabu majani ya saladi. Na mwenyewe anapita meza hadi meza na tai shingoni, kila mtu anamwambia karibu ndugu katika Bwana. Tai, palipo na mafuta yanayoruka.

Nikakaa. Inhwa akakaa. Nikavuta kiti cha tatu, nikaweka bakuli la wali mbele yake, nikachomeka kijiko katikati kama tunavyomfanyia marehemu. Meza za jirani zikatugeukia. Gu akaja mbio na tai yake. Akaniambia Mzee Tak, umeniletea maiti dukani siku ya Jumamosi, huoni watu wanakula? Nikamwambia nyama yako imekufa kabla yake na hakuna aliyelalamika. Inhwa akanikanyaga mguu. Gu akasema basi kiti cha tatu kitalipiwa kama mtu. Nikamwambia vizuri, kama analipiwa basi amekuja, mwamkie. Akaondoka hajamwamkia.

Nikachoma. Nikamchagulia vipande vizuri, kama vilikuwepo, nikamrundikia sahani. Halafu nikachukua jani la saladi nimfungie tonge, kama yeye alivyokuwa akinifungia na kunitia mdomoni, maana mikono yangu ilikuwa michafu siku zote. Nyama nikaweka. Rojo la soya nikaweka. Kitunguu saumu nikakishika, mkono ukasimama. Najua umekataza. Lakini si hilo lililonisimamisha. Nilikuwa sijui kama yeye alikuwa anakila.

Nikamwuliza Inhwa. Inhwa akaweka vijiti vyake vya kulia chini. Akaniangalia kama mimi nilivyokuwa namwangalia Gu. Akasema, Baba, Mama alikuwa hali nyama.

Nikamwambia aache upuuzi, mama yake amenichomea nyama miaka ishirini na sita. Akasema kuchoma alichoma. Lini ulimwona anatafuna?

Kaka, nilitafuta. Nilitafuta mpaka vipande vikaungua kwenye wavu. Namwona na koleo. Namwona na mkasi, anakata. Naona mkono wake unakuja mdomoni kwangu. Anatafuna, simwoni. Inhwa akasema harufu ya nyumba ya baba yake ilimkaa kooni tangu utoto. Kusema aliona aibu. Binti wa mchinjaji asiyekula nyama, tungemcheka. Alikuwa anangoja nishibe, nikilala ndipo anakula ukoko wa wali na majani na soya. Mimi nilidhani ni mzito wa kula. Nilimwita kobe. Mbele za watu.

Karatasi nzima nimemdharau Gu. Gu angalau anajua kila kiti kimekula nini.

Nikaitoa nyama yote kwenye sahani yake, nikaila mwenyewe, imepoa, mafuta yameganda. Nikachukua jani jipya. Wali na soya, basi. Likapasuka, vidole vyangu si vya kazi hiyo. Inhwa hakusujudu. Lakini aliweka kidole pale lisifunguke, tukaliweka wote wawili mbele ya kijiko. Hatukulila. Gu akaliandika kuwa ni mabaki. Nikalipa.

Picha hii hapa ndani. Samaki hayupo. Peasi halipo. Hicho chekundu ni kabichi ya pilipili, na hiyo tai pembeni ni ya Gu, alikuwa anatuchungulia. Ningeweza kukudanganya, kuna duka hapa linakodisha samaki wa plastiki kwa ajili ya picha. Sikutaka. Ukiona nimekosea, usisome jina lake, sitakulilia. Ukisoma, nyama usimwekee. Ameishika ya kutosha.

Wasalimie watoto wote na wale majirani wa bondeni. Shemeji mpe salamu zake peke yake. Leo akiwapakulia, mwulize yeye anakula nini. Mwulize kabla hujashiba.

Mdogo wako,
Tak Bongsu