Dawa ya Igoki Wawili

S.L.P. 47,
Timau.
14 Julai 2025.

Mpendwa wifi Karwirwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Na kazi ya kuuguza wazee wa Waingereza, inakuendeaje? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu, ila Julai imetukalia vibaya, asubuhi hata ng'ombe hataki kusimama. Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu mama yako hukaa karibu kusikiliza, na habari hizi zinamhusu.

Unajua magoti ya Igoki wangu. Mwaka wa pili huu, mtoto wa miaka tisa anaamka kama ajuza, mpaka nimbebe kwenda chooni. Daktari wa kule Meru alisema ni baridi yabisi, na kwamba huwapata hata watoto. Hapa nyumbani hakuna aliyekubali. Walisema alirithi magoti pamoja na jina, kwa kuwa aliitwa jina la mama yako, na mama yako naye magoti humsumbua, na wajina ni mtu mmoja.

Basi kila mtu akawa daktari. Mbarak wa bucha aliniambia, "Mama Igoki, chemsha kwato nne tu, hiyo magoti itashtuka." Tukachemsha. Akina mama wa kanisa wakaleta mafuta ya mbuzi, tukampaka mpaka mbwa wa jirani akawa anamsindikiza shuleni. Nilicheka na wenzangu, lakini wifi, mtoto akilia kwa uchungu nawe huna la kumfanyia, kicheko hukauka.

Mwezi wa nne daktari alitupa vidonge vipya, viwili asubuhi na viwili jioni. Vya jioni nampa mimi. Asubuhi natoka saa kumi na mbili kwenda kwenye shamba la maua, kwa hiyo mama yako ndiye humpa. Wiki zikapita, mtoto yuko vilevile. Daktari akaniuliza kama anameza vyote, nikamwapia. Moyoni nilikuwa namlaumu yeye, kumbe maskini daktari hana kosa.

Ajabu ni kwamba mama yako alianza kunawiri. Mkongojo akautupa. Akabeba kabichi kutoka shambani. Jumapili ya Pentekoste aliruka na kwaya hadi mchungaji akasogeza kipaza sauti. Tulikuwa tumeombea magoti ya Igoki kwa muda mrefu, tukadhani Mungu ameponya ya Igoki yule mwingine.

Kisha siku moja stima ikapotea kazini, tukarudishwa nyumbani kabla ya saa moja. Nikawakuta wawili hao jikoni, kila mmoja na kikombe cha maziwa na kidonge kimoja mkononi, wametulia kama watu walio kwenye meza ya Bwana.

Niliuliza kuna nini. Mama yako hata hakushtuka. "Si huyu ni mimi?" akasema. "Kimoja kikiingia kwangu, kimeingia kwake." Mtoto naye akaniambia, "Nyanya pia anaumwa, ni vile tu halii." Kumbe yeye ndiye aliyeanza kumgawia. Hasira yote ikaniisha, Karwirwa. Nilivuta kigoda nikakaa nao.

Nikamwachia kaka yako Mithika amkanye mama yake. Unamjua. Alivuta pumzi akaita, "Mama!" Na kwa kuwa yeye humwita hata binti yake hivyo, kwa ajili ya lile jina, wakatokea wote wawili, akasahau maneno aliyopanga, akaomba chai.

Mwishowe niliwapeleka wote kwa daktari mwenyewe. Alimweleza mama kwamba vidonge vile vingemchoma tumbo, akamwandikia vyake. Alivikataa mpaka alipoona ni vikubwa kuliko vya mtoto. Sasa anawaonyesha watu vidonge vyake kanisani.

Igoki anameza vyake vyote, hii ni wiki ya nne. Daktari ameniambia wazi kwamba ugonjwa haujaisha, utakuwa ukija na kwenda, na asubuhi nyingine bado anashika ukuta. Lakini Ijumaa mwalimu alituma barua. Anasema Igoki anakimbiakimbia nje ya darasa na kuwasumbua wenzake, na wazazi wamwonye. Nimeisoma mara nne. Mithika alitaka kumwonya kweli, nikamwambia akithubutu tutakosana. Nimeibandika ukutani sebuleni ili kila mgeni aisome.

Nisalimie shemeji Njuki na watoto. Shangazi Gatakaa anawasalimu, na mama yako pia, ingawa hajui nimeandika nini, nawe usimwambie. Mungu awashike mkono huko ugenini, awape nguvu mwilini na usingizi mzuri.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye sana,
Eunice