Shughuli ya Mwisho Ukumbini

Tarehe 3 Machi. Asubuhi ina ukungu, hakuna upepo.

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Mimi mzima, nakula, kazini naenda. Tangu tumzike baba yako sijalia, wala usingizi sipati, na majirani wameshaanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

Chuo kitaubomoa ukumbi wa michezo mwezi ujao. Shughuli ya mwisho itakuwa ya kumkumbuka baba yako, maana ndiye aliyeutunza tangu ulipofunguliwa. Mkuu wa michezo anataka mtu wa familia aseme machache. Mimi sina maneno. Mazishini hukuwepo, sikukulaumu. Hii njoo, useme wewe.

Mama yako

Tarehe 12 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Nimejaribu kuyaandika hayo machache. Kwamba pale palichezwa mpira wa kikapu, wahitimu wakavaa majoho, na mwaka wa mafuriko watu walilala chini ya magoli, wewe ukiwapikia uji kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Lakini Baba mwenyewe simpati. Naona mgongo tu, ameinama anapiga deki. Tuliachana kwa maneno mabaya, Mama. Nikipewa ruhusa kazini nitakuja.

Mwanao

Tarehe 4 Aprili. Asubuhi manyunyu, baadaye jua.

Mwanangu,

U mzima? Mimi mzima. Jana hukuja.

Viti nilivipanga mwenyewe. Mikono ilifanya kazi, akili haikuwepo. Watu wakaingia, wakakaa kila mmoja mbali na mwenzake, hata waliotaka kushikana mikono hawakufikiana. Shangazi yako akapaza sauti: "Wifi, leo kuna mtihani? Maana mimi sijasoma!"

Nikatazama. Kweli, nilivipanga kama vya mtihani, ili mtu asichungulie karatasi ya jirani. Watu wakacheka, wakaanza kuvuta viti wakaribiane. Miguu ya chuma ikakwaruza mbao ukumbi mzima. Nikajikuta nimesimama, nafoka: "Nyanyueni! Msiburute!"

Hayo ni maneno ya baba yako. Kila aliyewahi kukanyaga pale amefokewa hivyo. Wote wakanyanyua viti. Ukumbi unabomolewa Jumatatu, na bado wakanyanyua. Nikangoja baba yako ayaseme mwenyewe. Hakusema.

Mkuu wa michezo akauliza kama familia ina neno. Shangazi yako akamjibu, "Imeshasema."

Nilirudi nyumbani, sikuvua hata viatu. Nikapata usingizi saa tisa alasiri.

Mama yako