Wanavyomshinda Baba Drafti

Jumanne usiku

Na bado wananisalimia "siste, sasa," wale washenzi wa social hall.

Leo nilitoka shamba la maua mapema, nikapitia pale kumchukua Baba. Huwa namwacha acheze drafti, maana kumfungia nyumbani peke yake naogopa. Siku hizi anasahau kila kitu, hata jina langu, lakini drafti hajasahau.

Nilifika mlangoni nikakuta anashinda. Mbugua, anayecheza naye, akamwambia polepole, "Mzee, unajua mama watoto wako alikufa?"

Baba akaacha kifuniko cha soda, kete yake, kikaanguka. "Alikufa lini?" Akalia kama mtu anayeambiwa mara ya kwanza. Mbugua akasogeza vifuniko vyake, akamlia Baba vyake vyote. Wengine wakacheka. Mmoja akasema, "Hiyo mbinu haijawahi kukataa."

Haijawahi. Kumbe ni kila siku.

Niliwatukana mpaka sauti ikaisha.

Tulipofika nyumbani Baba alikuwa ameshasahau. Alikunywa chai, akauliza kama kesho nitampeleka tena. "Pale niko na marafiki," akasema.

Kesho niko kazini asubuhi mpaka jioni, na sina mwingine wa kumwachia.

Nitampeleka.