Vema Kumi na Tisa Katika Daftari la Mazoezi

Mtae, Jumatatu

Dada Zaina,

Wiki sita zilizopita, siku ya Jumanne, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, nilikupoteza kwenye mlima wa kwenda kwa bibi, ukiwa na tita la kuni kichwani. Saa naijua kwa sababu nilikuwa naiangalia. Nilikuwa nakupima mwendo.

Hilo la kukupima watu wa nyumbani hawalijui. Wanajua tulikuja likizo kutoka Chuo Kikuu, na kwamba kwetu mjukuu aliyekaa mbali hamwendei bibi mikono mitupu, anampelekea kuni alizobeba mwenyewe. Wanajua tulipishana na kina mama wanaotoka shamba, tukawaamkia, na mmoja akasema, "Marahaba, wanangu. Haya, shingo za kalamu hizo, mtafika leo au kesho kutwa?" Ukacheka mpaka tita likayumba. Mimi nikaona haya. Nikakwambia, "Twende, dada, tusiwape maneno." Ukasema, "Twende." Ukaanguka, hukusema tena.

Tangu siku hiyo nyumba imebadilika. Mama mkubwa, mama yako, hatoki nje mpaka jua liwe juu. Baba mdogo amesimama mbele ya watu akasema Chuo kimekulegeza, chakula cha bwalo kimeuozesha moyo wako, na mimi sirudi huko. Lakini nakwambia wewe: hakuna hata mmoja wao aliyenifikisha kule. Maili tano kwenda, maili tano kurudi, miaka minne, nilikwenda shule ya kati kwa miguu hii, na ukungu haukuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Leo ndio wamepata sauti.

Kinachoniuma ni kwamba nusu ya maneno ya baba mdogo ni kweli. Bwenini tuliishije, Zaina? Chai yenye sukari vijiko vinne, mara tatu kwa siku. Mkate. Kusoma tumelala kitandani, kitabu kifuani. Ghorofa yetu ina wasichana ishirini na wawili, na waliokuwa wakienda uwanjani ni wawili tu, maana ukivaa kaptura wanaume wanajipanga ukutani kupiga miluzi. Wengine tulinunua viatu vya raizoni, vya soli nene na kisigino kirefu, na viatu vile havitaki mtu atembee, vinataka mtu asimame aonekane. Sisi watoto wa milimani ndio tulikuwa wa kwanza kuacha kutembea. Tulisema tumeshatembea vya kutosha.

Halafu ukaanza kuhema ukipanda ngazi. Ngazi arobaini na nne tu, na wewe mtu wa Mtae! Tulicheka. Kwetu mtu akihema haambiwi anaumwa, anaambiwa mvivu, na wewe uliona haya kuliko mimi. Ndipo nikachukua daftari nikachora jedwali: kuzunguka uwanja jioni, mizunguko mitatu wiki ya kwanza, mitano ya pili, saba ya tatu. Safu yako na safu yangu. Mimi nilikuwa na masomo ya maabara jioni, nikakimbia siku sita tu, lakini nilikusimamia. Kila nikirudi nakuta umejiwekea alama ya vema. Nikajisifu kwamba hesabu zangu zinakuponya.

Mwezi uliopita nilimwandikia yule msichana wa chumba cha jirani bwenini. Juzi jibu lake limefika. Anasema siku nyingi ulifika uwanjani ukakaa kwenye nyasi, mkono kifuani, kisha ukarudi. Vema kumi na tisa, dada. Ngapi zilikuwa za kweli?

Na kuna hili. Nilikuwa miongoni mwa waliokuosha. Vifundo vya miguu yako vilikuwa vimevimba, na ukanda wa kiatu ulikuwa umechimba mstari usiotaka kutoka. Nikakumbuka kumbe uliniomba tubadilishane viatu mwezi mzima kabla ya likizo. "Dar inaninenepesha miguu," ulisema, nami nikakupa vyangu bila kuiangalia miguu iliyokuwa ndani ya vyako.

Sasa naangalia vifundo vyangu. Kila jioni nabonyeza kifundo kwa dole gumba na kuhesabu nikisubiri shimo lijae. Wiki iliyopita lilijaa nikifika tatu. Jana, saba. Kina mama wa kijiji cha ujamaa wanabeba mawe ya kujenga zahanati, nami nimekwenda, nisiitwe shingo ya kalamu. Nilipobeba la sita moyo ulianza kurukaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Nikainama nikajidai nafunga kamba za kiatu. Unaona? Nimeficha, kama wewe.

Zaina, naogopa. Naogopa hata kulala chali.

Alhamisi daktari wa kutoka Tanga atakuwa Lushoto mjini. Baba mdogo ananisindikiza, na atakaa ndani tukiulizwa. Daktari atauliza ndugu yangu aliyefariki aliumwaje. Nikisema ulikuwa mgonjwa siku nyingi, basi ni ugonjwa wa damu yetu, huenda na mimi ninao. Nikisema ulikuwa mzima, basi aliyekuua ni mimi, kwa jedwali langu na maneno yangu ya mlimani, na baba mdogo atapata sababu ya kunifungia hapa.

Mungu akurehemu, dada yangu, akupanulie pale ulipolala. Viatu vyako nimempa mdogo wako wa tumbo moja, nimemwonya akiona vinambana aseme siku hiyo hiyo. Nakuahidi kwa daktari sitaficha kitu changu hata kimoja: mawe, kifundo, moyo. Na Mungu akinirudisha Chuo, msichana yeyote wa ghorofa yetu atakayehema kwenye ngazi nitampeleka zahanati kabla sijampeleka uwanjani.

Lakini habari zako siwezi kumwambia daktari kwa kubahatisha. Sitaki unijibu kwa ndoto ya mafumbo, wala kwa ndege aliye juu ya paa. Nataka neno moja. Ulikuwa unaumwa tangu bwenini, ndiyo au hapana? Basi linaondoka Mtae Alhamisi saa kumi na moja alfajiri. Nijibu kabla halijaondoka.

Mdogo wako,
Mariamu